Gari linapochemka Salama: Tafuta tundu kabla ya kutafuta maji

Dereva anayetoka Mombasa kwenda Nairobi hupanda kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,600 katika safari ya karibu kilomita 480. Afikapo Salama, kaunti ya Makueni, baada ya kupita Emali na Sultan Hamud, injini imekwisha kufanya kazi kwa saa nyingi katika joto, na mbele yake bado kuna milima. Rejeta yenye tundu dogo, ambayo haikuleta shida kwenye tambarare, huanza kumsaliti hapa.

Wengi huegesha kando ya barabara, hununua mtungi wa maji, hujaza na kuendelea na safari. Hilo ni kosa. Maji hayapungui bila sababu, kwa kuwa mfumo wa kupoza injini umefungwa. Yakipungua, kuna mahali yanapotokea.

Hatari ya kwanza ni kwa dereva mwenyewe. Mfuniko wa rejeta huzuia mvuke usitoke, na shinikizo hilo huwezesha maji kufikia takriban nyuzi 120 za Selsiasi bila kuchemka. Ukiufungua injini ikiwa moto, shinikizo hutoweka ghafla na maji yote hulipuka kama chemchemi, yakaunguza uso na mikono. Zima injini na usubiri hadi saa nzima. Kisha funika mfuniko kwa kitambaa kizito na uufungue polepole.

Aidha, usimimine maji baridi katika injini iliyochemka, kwani chuma chake chaweza kupasuka. Wakati unaposubiri, weka pembetatu za tahadhari mbele na nyuma ya gari, angalau umbali wa mita 50, maana malori yanayoteremka mlima hayasimami kwa urahisi.

Injini ikipoa, anza kutafuta. Kwanza hakikisha kwamba kinachodondoka ni maji ya rejeta. Maji safi yasiyo na harufu, yanayodondoka baada ya kutumia kiyoyozi, si dalili ya ubovu. Kulanti huwa na rangi, mara nyingi kijani au nyekundu, na harufu tamutamu. Ikikauka huacha alama nyeupe au ya rangi yake pale inapovuja.

Kagua mipira ya juu na ya chini ya rejeta. Ibonyeze: ikiwa imelegea, imevimba au ina nyufa, imekwisha. Angalia vibano vyake, kisha kingo ambapo tangi la plastiki limeungana na mwili wa rejeta. Chungulia pia pampu ya maji. Ina tundu dogo chini yake, na pakilowa, sili ya ndani imechakaa na pampu inahitaji kubadilishwa.

Zulia la abiria wa mbele likilowa na vioo vikiingia ukungu wenye harufu tamu, kinachovuja ni kile kirejeta kidogo cha kupasha joto ndani ya gari.

Kama huoni chochote, tandaza katoni safi chini ya injini usiku kucha na uangalie asubuhi. Fundi mwenye pampu ya kupima shinikizo ataweza kuujaza mfumo hewa bila kuwasha injini, na tundu litajionyesha.

Hata hivyo, maji yakipungua bila tone kuonekana nje, huenda gasketi ya silinda imeungua. Dalili zake ni moshi mweupe usiokwisha, oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, na mapovu ndani ya rejeta injini ikinguruma. Gari la namna hiyo lisiendeshwe. Livutwe hadi gereji.

Tiba hutegemea chanzo. Kibano hukazwa, mpira na mfuniko hubadilishwa, na gharama yake si kubwa. Rejeta ya shaba hulehemiwa vizuri na mafundi wa jua kali. Ile ya alumini yenye matangi ya plastiki kwa kawaida hubadilishwa, kwani gundi hudumu kwa muda mfupi tu.

Dawa za kuziba tundu, pamoja na yai ambalo baadhi ya madereva hulivunja ndani ya rejeta, zaweza kukufikisha mji wa karibu, lakini pia huziba vijia vyembamba ambamo maji hupita.

Ukijaza upya, epuka maji ya chumvi. Ukambani, visima vingi vilivyochimbwa hutoa maji ya namna hiyo, nayo huacha utando mgumu kama ule wa ndani ya birika. Utando huo huzuia joto kutoka, na chumvi hula chuma hadi kitoboke. Tumia kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi, na uacha injini ingurume kwa muda ili hewa itoke. Usiimwage ovyo, kwani nyingi zina sumu ambayo utamu wake huwavutia watoto na mbwa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mpira uliopasuka hugharimu sehemu ndogo sana ya bei ya injini. Kabla ya kuondoka nyumbani, injini ikiwa baridi, kagua kiwango cha maji katika tangi la akiba. Kikiwa kimeshuka tangu safari iliyopita, tafuta tundu kwanza.