Utangulizi: Almasi Kubwa, Zinakotoka na Zinakoishia

Nikianza kuzungumzia almasi hapa Iyula, mkoani Songwe, swali la kwanza la vijana huwa hili: je, kwenye vilima vyetu vya Mbozi zimo? Nalipenda swali hilo. Ukilijibu vizuri, umeshashika nusu ya msingi wa somo lote.

Almasi ni kaboni, elementi ileile iliyomo kwenye mkaa na kwenye risasi ya penseli. Kinachoitofautisha ni jinsi atomi zake zilivyoshikamana, na ushikamano huo huhitaji mgandamizo unaopatikana kilomita 150 hivi chini ya miguu yetu, ndani ya mantili, yaani tabaka nene lililo kati ya ganda la nje la dunia na kiini chake. Hakuna mgodi unaofika huko. Almasi huletwa juu na kimbalaiti, mwamba wa kivolkano unaopanda kwa kasi kutoka kwenye kina hicho na kuganda ndani ya njia yake, ambayo juu ni pana na chini huchongoka kama karoti. Wanajiolojia huiita njia hiyo bomba.

Hapa wengi hupotea. Hudhani kwamba palipo na volkano pana almasi. Sivyo. Mabomba yenye almasi za kutosha kuchimbwa hupatikana karibu yote juu ya kratoni, yaani kipande cha kale cha bara chenye mizizi minene na ya baridi, kilichotulia kwa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Tanzania tunayo kratoni, na Shinyanga imekaa juu yake. Sisi wa Songwe tuko pembeni, kwenye mkanda wa Ubende, ambao miamba yake ilikunjwa na kupashwa moto baadaye. Dhahabu tunayo kule Saza, na madini adimu ya ardhi yako Ngualla. Almasi za kuchimba tusizitegemee.

Basi darasa letu liko Mwadui, mkoani Shinyanga. John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aligundua bomba la pale mwaka 1940 baada ya miaka ya kutafuta kwa fedha za kuungaunga. Eneo lake ni hekta 146 hivi, na ni miongoni mwa mabomba makubwa kabisa yaliyowahi kuchimbwa duniani. Mwaka 1947 likatoa almasi ya waridi ya karati 54.5. Karati ni kipimo cha uzito wa vito, na karati 5 ni sawa na gramu 1. Jiwe lile, kwa hiyo, halikufika hata gramu 11.

Najua utaguna: gramu 11 nazo ni almasi kubwa? Kwa uzito peke yake, hapana. Cullinan, iliyopatikana Afrika Kusini tarehe 26 Januari 1905, ilikuwa na karati 3,106, yaani zaidi ya gramu 620. Mgodi wa Karowe nchini Botswana ulitoa Lesedi La Rona ya karati 1,109 mwaka 2015, na mwaka 2024 ukatoa nyingine ya karibu karati 2,500. Lakini ukubwa katika fani hii hupimwa ndani ya rangi. Almasi ya waridi ni adimu kiasi kwamba ikipita karati 20 tu, dunia nzima ya vito hugeuza shingo.

Sasa tuingie kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kwa nini baadhi ya almasi hukua kupita kiasi? Almasi nyingi zina chembe za naitrojeni, lakini majitu kama Cullinan karibu hayana kabisa. Mwaka 2016 watafiti walichunguza vipande vilivyobaki baada ya mawe ya aina hiyo kukatwa, maana hakuna tajiri atakayekubali jiwe lake zima livunjwe maabara. Ndani ya vipande vile walikuta vitone vya metali ya chuma na nikeli. Ilionekana kwamba almasi hizo zilikua ndani ya metali iliyoyeyuka, kina cha kilomita 360 hadi 750, mbali kabisa na kule wenzao wanakozaliwa. Na wewe wa Mbozi huna haja ya kusafiri ili uone mchanganyiko wa metali hizo mbili: Kimondo kilichopo Ndolezi, kilichoanguka kutoka angani, ni chuma na nikeli vilevile.

Almasi ikishafika juu salama, hatari inayofuata ni binadamu. Almasi ni ngumu lakini haistahimili kishindo, na krasha inayosaga mwamba haijui kutofautisha. Lesedi La Rona yenyewe haikutoka nzima. Kipande cha karati 374 kilichopatikana Karowe kiligundulika kuwa kilimeguka kutoka kwake. Ili kupunguza hatari kama hiyo, mgodi ule ulifunga mitambo ya mionzi ya eksirei inayopenya mwamba na kuitambua kaboni mapema, kabla jiwe halijasagwa zaidi. Kwa maoni yangu, mitambo hiyo imechangia kuongezeka kwa majitu ya miaka ya karibuni kuliko bahati.

Kisha huja mkataji. Almasi ghafi, yaani ambayo haijakatwa, hupoteza sehemu kubwa ya uzito wake mezani kwake. Cullinan ilipasuliwa Amsterdam mwaka 1908 na kutoa mawe makubwa tisa na mengine madogo 96, jumla kama theluthi moja tu ya uzito wa awali. Jiwe la Mwadui la 1947, ambalo Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake, lilibaki na karati 23.6, na mwaka 1953 likapachikwa kwenye pambo la kifuani lenye umbo la ua.

Uzito hupungua, bei hupanda. Mwaka 2021 almasi ya waridi ya karati 32.32 kutoka Mwadui iliuzwa ghafi kwa dola milioni 13.8. Ilikatwa ikabaki na karati 11.15, na Oktoba 2022 ikanunuliwa kwenye mnada wa Hong Kong kwa dola milioni 57.7. Ushindani wa mnada ulichangia, sikatai, lakini bila mkono wa mkataji mnada wenyewe usingekuwepo, na mkono huo haukuwa wa Tanzania. Kituo cha Jemolojia Tanzania, kilichopo Arusha, hufundisha kukata na kung'arisha vito. Kijana unayesoma utangulizi huu, ukimaliza kitabu uangalie masharti yao ya kujiunga.