Wageni Wenyeji wa Kamalondo

Reli kutoka Rhodesia ilifika mwaka 1910, mwaka uleule Wabelgiji walipoanzisha Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mji uliokuja kuwa makao makuu ya Katanga. Ikashusha Wabemba, watu wa Nyasaland na wazungu wengi wasemao Kiingereza. Ile ya Kasai ilipokamilika mwaka 1928, Waluba nao wakafurika. Mwafrika asiye na nafasi katika kambi za kampuni ya madini ya Union Minière alielekezwa Cité Albert, ambayo leo ndiyo Kamalondo.

Kati ya Cité na mji wa wazungu uliachwa ukanda mtupu. Eti kuzuia malaria. Mbu, inaelekea, walikuwa wa upande mmoja tu. Asubuhi boyi, wapishi na makarani waliuvuka kwenda kazini, jioni wakarudi, kwa sababu usiku Mwafrika hakutakiwa mjini bila kibali. Kwa maoni yangu, anayetaka kuujua mji ule asianze na ripoti za magavana. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huo kwa Kiswahili cha hukohuko, kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani wa zamani. Hao waliingia hadi jikoni na chumbani kwa mabwana, na walisikia mengi.

Lakini mtu aliyeacha ukoo wake mbali, akifa nani atamzika? Swali hilo, naona, ndilo lililozaa desturi nyingi za Kamalondo. Miaka ya 1920 kulikuwa na vyama vya mbeni, ndugu wa ngoma ya beni ya pwani, vyenye sare, ngoma na vyeo vya kuigiza uzungu. Wakubwa wa kikoloni waliona kelele na siasa. Wanachama walijua kuwa mchango wao ungewauguza na kuwazika. Hadi leo kilio ni shughuli ya mtaa mzima. Turubai hufungwa, viti huazimwa, michango huandikwa daftarini jina kwa jina, wanaume hukesha nje penye moto, na wanawake huwalisha watu bukari (ugali) na sombe (kisamvu) bila kuuliza kabila. Asiyeonekana kwenye vilio vya wenzake hukumbukwa siku yake ikifika.

Ukarimu huo una doa lake. Katika uchaguzi wa manispaa wa 1957, viti vya umeya kwenye makazi ya Waafrika viliangukia watu wenye asili ya nje ya Katanga. Mwaka uliofuata ikaundwa Conakat, chama cha waliojiona wenyeji halisi wa Katanga, na Julai 1960 kiongozi wake, Tshombe, akatangaza taifa la Katanga, Élisabethville ikiwa mji mkuu wake hadi Januari 1963. Mwaka 1961 maelfu ya Waluba walikimbilia kambi iliyolindwa na Umoja wa Mataifa. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai walifukuzwa tena, wengi wakiwa wamezaliwa na kulelewa Katanga.

Siku za mechi Kamalondo hupata wageni wa aina nyingine. Uwanja wa TP Mazembe, uliofunguliwa mwaka 2011, uko hapahapa. Timu yenyewe ilianzishwa na watawa Wabenediktini mwaka 1939, na Desemba 2010 iliifunga Internacional ya Brazili ikaingia fainali ya klabu bingwa ya dunia. Mgeni atapata michopo, yaani nyama choma, ya mbuzi na bia baridi ya Simba. Kabla hajaulizwa kwao ni wapi, ataulizwa kama ni wa Mazembe au wa Lupopo, timu ya wanareli.