Maktaba Ipo, Kompyuta Haioni: Kikwazo Kidogo Katika Safari ya Majibu ya Kifua Kikuu Sugu

Magharibi mwa Mlima Kilimanjaro, wilayani Siha, ipo Hospitali ya Magonjwa Ambukizi Kibong'oto, iliyoanza mwaka 1926 ikiwa kituo cha kuwatunza wagonjwa wa kifua kikuu. Kwa miaka mingi, swali la mgonjwa wa Siha, Machame au Rombo limekuwa lile lile: je, dawa ninayomeza inawaua vimelea nilio nao? Siku hizi swali hilo laweza kuelekezwa kwa vinasaba vya vimelea wenyewe. Jenomu ya bakteria wa kifua kikuu, iliyochapishwa kikamilifu mwaka 1998, ina herufi takriban milioni 4.4. Badiliko la herufi moja tu katika jeni iitwayo rpoB laweza kuifanya rifampisini ipoteze nguvu.

Herufi hizo hazisomwi kwa macho. Mashine hutoa vipande vifupi vingi mno, kisha programu za kompyuta huvipanga na kuvilinganisha na jenomu ya rejea. Mojawapo ya programu zinazotumika sana ni samtools, iliyotangazwa kwa wanasayansi mwaka 2009. Ni programu huria: haina ada ya leseni, na yeyote aweza kuusoma msimbo wake na kuurekebisha. Hata hivyo, toleo jipya mara nyingi hupatikana likiwa msimbo chanzo, yaani maandishi ambayo sharti yafasiriwe na kompaila ndipo kompyuta iweze kuyatekeleza. Hapo ndipo mtaalamu wa maabara hukutana na ujumbe unaokatisha tamaa: maktaba fulani haikupatikana.

Maana ya "haikupatikana"

Maktaba, kwa lugha ya kompyuta, ni mkusanyo wa kazi zilizokwisha kuandikwa ambazo programu nyingine huazima. Samtools haikujibunia njia ya kubana faili; huazima kutoka zlib, bzip2 na liblzma. Kabla ya kompaila kuanza kazi, hati iitwayo configure hukagua kama maktaba hizo zipo. Haiulizi mtu. Huandika programu ndogo ya majaribio inayoihitaji maktaba husika, kisha hujaribu kuitengeneza. Jaribio likifaulu, maktaba ipo. Likishindwa, hutangaza kwamba haipo.

Kwa hiyo tangazo hilo ni dalili, wala si utambuzi wa ugonjwa. Tabibu hatibu homa kabla ya kutafuta chanzo chake. Vivyo hivyo, mtaalamu asianze kusakinisha hiki na kile kwa kubahatisha. Afungue kwanza faili ya config.log, ambamo configure huandika kila jaribio na kosa lililotokea. Jibu mara nyingi limo humo.

Sababu nne za kawaida

Ya kwanza ni kwamba maktaba haimo kabisa. Dawa yake ni kuisakinisha.

Ya pili ndiyo inayowasumbua wengi: maktaba imo, lakini faili zake za utengenezaji hazimo. Mifumo mingi ya Linux hutenganisha sehemu inayotumiwa na programu zilizo tayari na sehemu inayohitajiwa na kompaila. Katika Ubuntu, sehemu hii ya pili huwa na jina linaloishia kwa -dev, kama vile liblzma-dev au libbz2-dev. Katika jamii ya Red Hat huishia kwa -devel, kama vile xz-devel.

Ya tatu, kila kitu kimo lakini mahali pasipotarajiwa. Mkazi wa mlimani ataelewa upesi: maji yapo juu, ila mfereji haufiki kihambani kwako. Hapa configure huonyeshwa njia kwa vigeu CPPFLAGS, LDFLAGS au PKG_CONFIG_PATH.

Ya nne, maktaba iliyopo ni ya toleo la zamani mno au ya aina nyingine ya prosesa. Config.log huonyesha kama jaribio lilikwama wakati wa kusoma faili za vichwa au wakati wa kuunganisha.

Yawezekana pia utengenezaji ukafaulu, kisha programu ikagoma kuanza kwa kukosa maktaba ile ile. Amri ya ldd huonyesha ni ipi isiyoonekana; ldconfig huisaidia kompyuta kuzitambua maktaba zilizoongezwa katika saraka zake za kawaida.

Njia ya mkato na gharama yake

Configure hutoa pia njia nyepesi. Kwa kuandika --disable-lzma au --disable-bz2, mtaalamu huruka kikwazo na programu hutengenezwa. Lakini programu hiyo haitaweza kusoma baadhi ya faili za CRAM zilizobanwa kwa mbinu hizo kwingineko. Leo haitaonekana tofauti. Miezi baadaye, maabara nyingine ikituma data ya mgonjwa kwa ulinganisho, faili itakataa kufunguka, na huenda aliyechagua njia ile hayupo tena kazini.

Basi anayelazimika kuzima kipengele aandike alichozima, lini na kwa sababu gani, kama anavyoandika kitendanishi kilichokosekana. Akimaliza, aendeshe amri ya make test kabla ya kugusa data ya mgonjwa yeyote, na atunze config.log pamoja na namba ya toleo.

Kwa aliye wodini na aliye nyumbani

Mhudumu wa afya, usomaji wa jenomu haukuondolei wajibu wa kupeleka makohozi yapimwe kwa GeneXpert, ambayo huonyesha usugu wa rifampisini kwa saa chache. Jenomu huongeza undani, hasa kuhusu dawa nyingine. Ripoti ikichelewa, uliza imekwama hatua gani. Una haki ya kujua.

Nawe mgonjwa, usiache dawa ulizoandikiwa kwa sababu majibu ya ziada hayajafika. Kuacha dawa katikati huwapa vimelea nafasi ya kujenga usugu. Na mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi aende kituo cha afya kilicho karibu. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya umma.