Kizingiti cha Dirisha la Plastiki

Atakaye kulijua dirisha la plastiki la kuteleza, lile litengenezwalo lote karakanani kisha likaletwa kwenye jengo tayari kwa kupachikwa, asianze na kioo chake wala weupe wa fremu yake, bali ainame akitazame kizingiti cha chini, kwa kuwa humo ndimo mabawa yanamopita juu ya reli, humo ndimo maji ya mvua yanamokusanyika, na humo ndimo ustadi wa mbunifu, au upungufu wake, unamodhihirika.

Plastiki yenyewe ni PVC ngumu, isiyotiwa vilainishi, ambayo Wajerumani walianza kuifanyia madirisha katika miaka ya 1950. Fadhila yake kwetu sisi wa pwani ni dhahiri, kwani chumvi ya bahari, ilayo chuma na kuitia vidonda hata aluminiamu, haiidhuru. Walakini ni dhaifu kwa kupindika, na ikikaribia nyuzi 80 za sentigredi huanza kulegea. Ndiyo maana fremu yake hufanywa yenye vijumba vitupu ndani, na katika kijumba kikubwa hupenyezwa chuma kilichopakwa zinki, kiwe uti wa mgongo wake.

Tena hutanuka kwa joto takriban mara tatu ya aluminiamu. Fremu ya mita 2, joto lake likipanda kwa nyuzi 40, kama liwezavyo kupanda ukutani panapopigwa na jua, huongezeka urefu kwa milimita 5 hadi 6. Madhali ni hivyo, sharti dirisha lifanywe dogo kidogo kuliko tundu lake, na nafasi inayobaki izibwe kwa povu na silikoni, vitu vinavyokubali kubonyea. Fundi mwashi aijazapo saruji, miimo hukosa pa kwendea ikabetuka kwa ndani, na mwenye nyumba hushangaa kuona bawa lililoteleza vyema alfajiri limekwama adhuhuri, akadhani magurudumu ndiyo mabovu.

Ama maji, hapo ndipo penye hikima. Dirisha la bawaba hubanwa na raba pande zote, ilhali la kuteleza likibanwa hivyo haliendi. Kwa hiyo huwekewa brashi laini, nazo hupunguza upepo bila ya kuuzuia kabisa. Mbunifu, basi, hashindani na mvua, bali huiachia iingie katika reli, kisha huitoa nje kwa matundu. Lakini upepo nao huyasukuma maji yasitoke, yakajaa relini. Na kila milimita 10 za kina cha maji huhimili mgandamizo wa paskali 98, ambao ni kiasi cha upepo wa kilomita 45 kwa saa. Mwendo wa upepo ukizidi maradufu, mgandamizo huzidi mara nne, hata kwa kilomita 90 kwa saa ukingo wa ndani wa kizingiti wahitaji kimo cha milimita 40 hivi. Wanunuzi wengi hupenda ukingo mfupi kwa uzuri wa macho. Rai yangu ni kwamba katika nyumba iliyoelekea bahari, inayopigwa na masika yakisukumwa na kusi, ukingo huo haufai hata kidogo.

Matundu nayo yana adabu yake. Lile la ndani lisikabiliane na lile la nje, ili upepo usipate njia iliyonyooka, na maji yasipitishwe katika kijumba chenye chuma, kwani zinki ikikwanguliwa kutu haichelewi.

Limebaki jambo moja dogo: dirisha la mabawa mawili hufunguka nusu tu, kwa hiyo palipo na joto nafasi yake ukutani ipanuliwe tangu kwenye ramani.

Kabla ya kumlipa fundi salio lake, chukua jagi la maji ulimimine polepole relini huku mabawa yamefungwa, kisha toka nje utazame: maji yashuke upande wa nje, na mashimo yaliyozibwa na lipu yazibuliwe hapo hapo, fundi angali na vyombo vyake mkononi.