Usomaji wa Mpinzani na Uamuzi wa Dau la Mwisho katika Poka ya Fedha Taslimu

Poka ya fedha taslimu hutofautiana na mashindano ya poka kwa jambo moja la msingi. Kila chipu, yaani kidude cha mviringo kinachowekwa mezani badala ya noti, ina thamani yake kamili ya fedha, na mchezaji anaweza kuinuka na kuondoka na kilichobaki wakati wowote. Katika meza za Las Vegas ambako madau ya lazima ni dola 2 na dola 5, uamuzi mmoja unaweza kumpokonya mchezaji kile alichokikusanya kwa saa kadhaa. Ndiyo maana suala la kumsoma mpinzani limepewa uzito mkubwa na walioandika kuhusu mchezo huu. Makala hii inafafanua usomaji huo kwa kutumia mgao mmoja wa mfano, na inashikilia kwamba kinachosomwa hasa ni mwenendo wa madau ya mpinzani, ukipimwa dhidi ya gharama ya kumwitikia. Uso wake una nafasi ndogo kuliko inavyodhaniwa.

Aina ya poka inayorejelewa hapa ni Texas Hold'em. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Karata tano nyingine hufunuliwa katikati ya meza kwa ajili ya wote: tatu kwanza, kisha moja, kisha moja ya mwisho. Madau huwekwa kabla na baada ya kila ufunuo. Aliyewekewa dau hutupa karata zake, huitikia kwa kulipa kiasi hichohicho, au huongeza.

Tuseme mchezaji ana ree ya uru na mfalme wa pao. Mezani zimefunuliwa ree ya shupaza, tisa ya kopa na nne ya kopa. Ikafuata malkia wa pao, na mwisho saba ya shupaza. Mchezaji ana jozi ya ree, naye ndiye aliyeweka dau katika hatua zote zilizotangulia. Mpinzani aliitikia tu, bila kuongeza hata mara moja. Kitita kimefika dola 300. Karata ya mwisho inapofunuliwa, mpinzani huyohuyo aliyekuwa kimya anatangulia kuweka dau la dola 300.

Hesabu ya gharama ni nyepesi. Mchezaji anatakiwa kutoa dola 300 ili kuwania dola 600. Akishindwa mara mbili na kushinda mara moja, hapati wala hapotezi. Kwa hiyo kuitikia kuna faida iwapo tu uwezekano wa kushinda unazidi theluthi moja. Ikumbukwe kwamba fedha alizokwisha kuziweka katika hatua za awali haziingii katika hesabu hii. Zimo ndani ya kitita na si zake tena. Wachezaji wengi huitikia dau la mwisho kwa kuzionea uchungu fedha hizo, na hapo hugeuza hasara ndogo kuwa kubwa.

Ugumu umo katika kukadiria theluthi hiyo. Jozi ya ree haiwezi kushinda karata ambazo mtu mwenye busara angeziwekea dau kubwa kiasi hicho kwa nia ya kulipwa. Inashinda hadaa tu. Swali basi ni la kuhesabu: mpinzani anaweza kuwa na karata gani za kweli, na gani za hadaa? Ree mbili zimebaki zisizoonekana, na tisa tatu. Kwa hiyo ree na tisa hupatikana kwa njia 6. Ree na malkia vilevile ni njia 6. Tisa mbili ni njia 3, na nne mbili ni njia 3. Jumla ni 18. Ili theluthi moja itimie, lazima pawe na njia 9 za hadaa. Hadaa inayoelekea zaidi ni ya mtu aliyekuwa na kopa mbili, akasubiri kopa ya tatu mezani isije. Lakini kila jozi ya kopa hupatikana kwa njia moja tu. Mfalme na ghulamu, mfalme na kumi, ghulamu na kumi, kumi na nane, nane na sita, sita na tano: hizo ni 6. Ili kufikia 9, mpinzani awe mtu anayeingia mchezoni na kopa dhaifu kuliko hizo, na awe anazifanyia hadaa zote bila kubakiza.

Kiswahili cha mitaani kina neno mkwara kwa jambo hili, nalo linafaa kuliko hadaa, kwa kuwa linabeba maana ya kitisho: mwenye kupiga mkwara hufanikiwa pale tu anayetishwa anapojiondoa. John von Neumann na Oskar Morgenstern, katika kitabu chao cha mwaka 1944 kuhusu nadharia ya michezo, walionesha kihisabati kwamba mkwara ni sehemu ya lazima ya uchezaji bora. Asiyeupiga kamwe hulipwa kidogo anapokuwa na karata nzuri. Kwa dau linalolingana na kitita, mchezaji aliyekamilika angepiga mkwara mara moja katika kila madau matatu, na hapo mwenye jozi ya ree asingekuwa na uamuzi wowote wenye faida kuliko mwingine. Wachezaji wa kawaida hawajakamilika, na upungufu wao ndio unaosomwa.

Je, mwili haufichui kitu? Mike Caro, katika kitabu chake cha mwaka 1984 kuhusu dalili za wachezaji, alidai kwamba anayejionesha dhaifu kwa kawaida ana karata nzuri, na anayejikakamua hana kitu. Alieleza pia kwamba mikono inayotetemeka wakati wa kuweka dau mara nyingi ni ya mtu aliyepata karata kubwa, kinyume na fikra za wageni wa mchezo huu. Utafiti wa Michael Slepian na wenzake, uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Psychological Science, uliwaonesha watazamaji vipande vya picha za wachezaji wa mashindano ya World Series of Poker ya mwaka 2009. Walioona nyuso pekee walikadiria ubora wa karata vibaya kuliko mtu anayebahatisha. Walioona mikono pekee, ikisukuma chipu, walikadiria vizuri kuliko kubahatisha. Uso umefunzwa kudanganya. Mkono bado haujafunzwa vya kutosha. Hata hivyo, tofauti hiyo ni ndogo. Inaweza kuegemeza uamuzi ulio katikati, lakini haiwezi kuzalisha kopa tatu zinazokosekana.

Kikwazo kikubwa zaidi ni uchache wa ushahidi. Mezani hugawiwa karata mara 30 hivi kwa saa, na nyingi ya karata hizo hutupwa bila kuonekana. Baada ya saa nne mchezaji anaweza kuwa ameziona karata za jirani yake mara tano au sita tu. Kwa hiyo kila karata inayofunuliwa ni ya kuwekwa akilini, hasa na aliyekwisha kujitoa. Kama mpinzani wa mfano huu alionekana mapema akiacha kimya kopa zilizokosa, au kama huingia mchezoni mara chache, hesabu ya 6 nayo ni ya ukarimu, na jozi ya ree hutupwa. Kama alionekana akiingia na karata za ovyo na kuweka dau kubwa bila kitu, njia 9 hupatikana kwa urahisi, na dola 300 hulipwa.

Akitupa, hatajua. Mpinzani hana wajibu wa kuonesha karata ambazo hazikuitikiwa. Atazisukuma kifudifudi kwa mgawaji, zichanganywe na nyingine, na mgao unaofuata utaanza kabla chipu hazijapangwa.