Fahamu: Kituruki kinavyosema "nyumbani kwangu" kwa neno moja

Kampuni ya Uturuki, Yapı Merkezi, imejenga reli ya SGR kutoka Dar es Salaam, na Rais Samia alizuru Ankara Aprili 2024. Kituruki kimetusogelea. Sarufi yake huwatisha wengi, lakini mtu wa Maramba, wilayani Mkinga, anayo sehemu yake kinywani tayari.

Akisema mwanangu, mwanao, mwanawe, ameshabandika umiliki mwishoni mwa nomino. Sisi hufanya hivyo zaidi kwa jamaa na watu wa karibu: mkewe, nduguye, mwenzangu. Kituruki hufanya kwa nomino zote. Ev ni nyumba. Evim, nyumba yangu. Evin, nyumba yako. Evi, nyumba yake.

Utamu uko kwenye mahali. Kiambishi chetu -ni hubeba mengi: nipo nyumbani, naenda nyumbani, natoka nyumbani. Kitenzi ndicho kinachotuonyesha mwelekeo. Kituruki hugawa kazi hiyo kwa viambishi vitatu: evde, eve, evden. Umiliki hutangulia, mahali hufuata, ndiyo maana evimde ni nyumbani kwangu.

Hata majina ya miji hayaachwi. Sisi husema "niko Maramba", bila -ni. Mturuki huandika Maramba'da, akienda, Maramba'ya, akitoka, Maramba'dan. Irabu ya mwisho ya jina huamua umbo: e huvuta -de, a huvuta -da.

Kwa upande mwingine, Kituruki hakina ngeli hata moja. Anayeanza leo ashike kwanza viambishi vya mahali, kisha aongeze vya umiliki.