UA LINALOFUATA USIKU: KILIMO CHA KRISANTHEMU



Watu wa West Nile walianza kushuka kusini kutafuta kazi za mashamba tangu miaka ya 1920. Wazee wetu walikata miwa Lugazi na Kakira. Tangu miaka ya 1990 yako pia mashamba ya maua upande wa Mukono na Entebbe. Baadhi yake hukuza krisanthemu, ua la jamii moja na pareto, ili kukata vichipukizi vya kupandwa vinavyopelekwa Ulaya kwa ndege. Mfanyakazi hukata vichipukizi kwa maelfu, lakini mara nyingi haelezwi kwa nini taa huwashwa usiku wa manane. Basi tueleze.

KAZI YA TAA

Krisanthemu hupima urefu wa usiku. Usiku ukiwa mrefu, huacha kurefuka na kufanya matumba. Usiku ukiwa mfupi, hurefuka na kutoa majani tu. Kwetu Arua na Koboko usiku ni karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, na kwa mmea huu huo ni usiku mrefu. Ukiupanda hivi hivi, huchanua ungali mfupi. Kwa kupamba ua wa nyumba hapana ubaya, lakini kwa soko shina halifai. Taa ya saa nne katikati ya usiku huukata usiku vipande viwili, na mmea hudhani usiku ni mfupi. Ndiyo sababu krisanthemu iliyo chini ya taa ya mlinzi haichanui.

KUPANDA NYUMBANI

1. Kata ncha changa isiyo na tumba, urefu wa kidole. Ichomeke katika mchanga wenye unyevu, kivulini. Mizizi hutoka kwa wiki mbili hivi.

2. Hamishia kwenye udongo wenye samadi iliyooza, usiotuamisha maji. Acha sentimita 30 kati ya mche na mche. Washa taa tangu usiku wa kwanza.

3. Baada ya wiki mbili vunja ncha, ili machipukizi ya pembeni yatoke. Bakiza matatu au manne.

4. Baada ya wiki tatu nyingine zima taa. Maua huchanua wiki 8 hadi 10 baadaye. Anayetaka maua ya Krismasi apande mwanzoni mwa Septemba, azime taa wiki ya pili ya Oktoba. Mvua hupungua Novemba, hivyo aweke maji tayari.

5. Ukitaka ua moja kubwa, ondoa matumba ya pembeni. Ukitaka shada, ondoa lile la katikati.

6. Mwagilia chini, si juu ya majani. Majani yakilowa huleta ugonjwa wa kutu nyeupe. Kata maua asubuhi, ondoa majani ya chini, weka shina ndani ya maji mara moja.

DAWA

Mwezi Oktoba 2016, wafanyakazi wengi wa shamba moja la maua wilayani Mukono walipelekwa hospitali baada ya kudhuriwa na dawa iliyotumika ndani ya jumba la maua. Kila dawa ina muda wake wa kungoja kabla ya mtu kuingia. Muda huo huandikwa kwenye chombo cha dawa. Muulize msimamizi: ni dawa gani, imepigwa saa ngapi, tuingie lini? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe nguo na vifaa vya kujikinga. Usiulize peke yako. Mwambie mjumbe wa chama aulize kwa niaba ya wote.

Ndugu, anayejua kupanga taa, kuvunja ncha na kuchagua matumba ana ufundi. Mikataba inapojadiliwa, tutaje kazi hizi moja moja na kudai zilipwe kama ufundi. Na siku ya kurudi nyumbani, ujuzi huo ni wako, hakuna awezaye kuuzuia getini.